Nani Alijenga Shule za Ungoni?

Hapa Lizaboni, mjini Songea, wazee wawili wakikutana msibani huanza na ukoo: Komba wa wapi, Ngonyani wa nani. Ukoo ukishaeleweka, swali linalofuata ni shule. Aliyesoma Kigonsera hujiweka sawa kwenye kiti. Aliyesoma Ndanda huitaja Ndanda kabla hajaulizwa. Waliosoma kwingine huomba maji ya kunywa. Nimekaa kwenye misiba ya kutosha kujua kwamba mazungumzo hayo yakikolea huishia kwa mapadre: nani alikuwa mkali, nani alipiga kinanda, nani aliliweza lori la misioni kwenye tope la masika.

Nilifundisha historia mpaka nikastaafu, na hapo ndipo ninapokereka. Shule za misioni za Ungoni husimuliwa kwa majina ya Wazungu waliofika, wakafungua, wakajenga, wakahamishwa. Sina ugomvi na majina hayo, nami nitayataja. Ila padre mmoja hawezi kufundisha vijiji thelathini, wala hafyatui tofali za bweni peke yake. Kuna watu waliofanya kazi hiyo, na wengi wao walikuwa watoto wa waliochoma misioni ya kwanza.

Wabenediktini wa Mtakatifu Otilia, shirika lililoanza Ujerumani mwaka 1884, walifika kwanza Pugu, jirani na Dar es Salaam, mwaka 1888. Januari 1889, wakati wa vita vya Abushiri dhidi ya Wajerumani, kituo chao kilivamiwa, watatu wakauawa na wengine wakachukuliwa mateka. Walijipanga upya Dar es Salaam, kisha wakaelekea kusini. Mwaka 1895 walikuwa Lukuledi. Mwaka 1898 Padre Cassian Spiss akafungua Peramiho, kilomita 24 hivi kutoka hapa mjini. Leo unashika barabara ya Mbinga mpaka njia panda ya Likuyufusi. Mwaka 1899 ikafuata Kigonsera, mbele zaidi kwenye njia hiyohiyo ya kwenda Umatengo.

Spiss alikuwa mtu wa kusikiliza. Mwaka 1904, akiwa tayari askofu, ilichapishwa kazi yake juu ya sarufi ya Kingoni na ya Kisutu, yaani lugha ya watu ambao Wangoni waliwakuta nchini na kuwatawala. Mzungu aliyejua kwamba Ungoni kuna lugha mbili, ya bwana na ya mtawaliwa, alikuwa ameelewa jambo kubwa kuhusu nchi hii. Shule zake za mwanzo hazikuwa na makuu: slati, katekisimu, nyimbo, hesabu kidogo, na jembe. Kazi ya shamba ilikuwa somo kama masomo mengine, na sidhani kama watoto walilipenda.

Si wote waliosikiliza kama yeye. Padre Franziskus Leuthner wa Peramiho aliichoma nyumba ya mahoka kule Maposeni, kwa Nkosi Mputa Gama. Mahoka ni mizimu ya wakubwa waliotangulia. Nyumba yao ndipo nkosi, yaani mfalme, alipopeleka haja za watu wake zote, mvua, vita na maradhi. Nimewahi kuwauliza wanafunzi wafikirie mgeni aliyepewa ardhi ya kujenga kanisa, halafu akalitia moto kanisa la mwenyeji wake. Darasa lilinyamaza, wakiwemo watoto wa makatekista.

Dawa ya maji, ile ya vita vya Maji Maji dhidi ya Wajerumani, ilipoletwa Ungoni na mjumbe Omari Kinjala mwaka 1905, misioni ilikuwa imeshajitengenezea madeni yake. Tarehe 14 Agosti Askofu Spiss, akiwa safarini kuja Peramiho, aliuawa Mikukuyumbu, upande wa Liwale, pamoja na mabruda wawili na masista wawili. Septemba Peramiho ikateketezwa, na Padre Leuthner akauawa mwezi huohuo.

Kilichofuata kila mtoto wa Songea anakijua, maana kila Februari 27 tunakwenda Mahenge, hapa mjini, kwenye makumbusho ya Maji Maji kuwakumbuka mashujaa 67 walionyongwa mwaka 1906: Nkosi Mputa, Nduna Songea Mbano ambaye mji unabeba jina lake, Nduna Mkomanile, mwanamke pekee kati yao, na wengine. Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika hapo Novemba 1, 2023 akaomba msamaha. Kinachosemwa kwa sauti ndogo ni kwamba kabla ya kitanzi, padre wa Kigonsera, Johannes Häfliger, aliingia kwa wafungwa akawafundisha dini na kuwabatiza waliokubali, Mputa akiwa mmoja wao. Wanafunzi waliniuliza mara nyingi kama ubatizo wa mtu aliyefungwa kamba ni ubatizo kweli. Nilikuwa nawaambia hilo wakaulize kwenye kipindi cha dini.

Kitanzi kiliua wachache kuliko njaa. Wajerumani, chini ya Kapteni Richter wa boma la Songea, walichoma maghala na mashamba, wakachukua mifugo. Watu walikula mizizi na majani, na vijiji vizima vikahama. Wasomi wanaokadiria vifo vya vita vyote vya Maji Maji, kuanzia Matumbi mpaka huku kwetu, wengine hufika watu laki mbili na nusu na zaidi, na sehemu kubwa yao ni wa njaa.

Hapo ndipo shule ilipoanza kwa dhati. Babu mzaa baba alikuwa mtoto wa kama miaka saba vita vilipopita. Baba yake hakurudi. Mama yake alimpeleka misioni kwa sababu misioni kulikuwa na chungu jikoni, na alisema hivyo wazi maisha yake yote, hata mbele ya mapadre. Babu alikwenda kula, akakuta kuna kusoma. Alipomaliza walichoweza kumfundisha alikuwa kijana anayejua kuandika, kuhesabu na kuimbisha, na misioni ikamrudisha vijijini akiwa katekista.

Kazi ya katekista mwalimu wa miaka hiyo watu wa leo hawaielewi. Kibanda cha miti na nyasi kilikuwa kanisa Jumapili na shule siku tano. Waliziita shule za vichakani, na jina hilo halikuwa dharau kwa aliyesoma humo. Babu alifundisha asubuhi, mchana akalima shamba lake, jioni akawazungukia wagonjwa, na padre alipopita kwa miezi yake akampa hesabu: waliobatizwa, waliokufa, waliotoroka kwenda ngoma. Mshahara ulikuwa shilingi chache na kipande cha nguo. Mke wake alipika uji wa watoto wa mbali kwa unga wa nyumbani kwake. Bibi sijamwona kwenye kitabu chochote cha historia ya elimu.

Wanafunzi wepesi wa kushika masomo walipelekwa mbele, kwenye shule kubwa ya misioni. Huko walikuta bweni, na bweni lina tofali, na tofali zina udongo wa kukanyagwa. Mabruda wa Kibenediktini walikuwa mafundi wa kweli, seremala, waashi na wahunzi, na mikono iliyokuwa chini yao ilikuwa ya wanafunzi na vijana wa vijijini. Kanisa kubwa la Peramiho lilijengwa kati ya 1943 na 1948, likianza wakati dunia iko vitani na saruji ni ya kutafutwa. Kila ninapolipita huwa natazama kuta kabla ya mnara.

Kuna jambo watu wa hapa huwa hawaliunganishi. Wangoni tulitoka kusini mwa Afrika. Zwangendaba alivuka Zambezi mwaka 1835, na makundi yaliyotokana na safari zile yakasambaa Malawi, Zambia na huku Songea. Sasa sikia hili. Kule kusini walikotoka, Waskoti walifungua mwaka 1841 shule kubwa ya Lovedale, katika nchi ya Wakosa. Mmoja wa waliosoma hapo, William Koyi, alikwenda Malawi mwaka 1876 pamoja na wamisionari Waskoti wa Livingstonia. Ndiye aliyeweza kuzungumza na Wangoni wa huko, watu wa Nkosi M'mbelwa, kwa kuwa lugha yake na yao zilikuwa ndugu, na alikufa hukohuko mwaka 1886. Wangoni wa ng'ambo ya Ziwa Nyasa, kwa hiyo, walianza kusikia habari za shule kutoka kwa mtu mweusi aliyeongea karibu kama babu zao. Sisi wa upande huu tulizisikia kutoka kwa Wabavaria na Waswisi, na katikati tukapigana nao. Naona tofauti hiyo inaeleza mengi, ingawa kuna rafiki yangu aliyesoma seminari ambaye hukataa kila nikilisema.

Vita vya kwanza vya dunia viliwaondoa Wajerumani. Waingereza waliwafukuza wamisionari hao, na vituo vikabaki na makatekista. Ndiyo sababu nasema hawa ndio waliobeba. Miaka ile hakukuwa na padre mkazi katika sehemu nyingi, na bado watoto walijifunza sala na herufi. Kazi ilipofufuliwa iliongozwa na Mswisi, Gallus Steiger, aliyekuwa prefekti mwaka 1922 na baadaye abate-askofu wa Peramiho mpaka 1953. Uraia wake ulikuwa mtaji: Mwingereza hakuwa na sababu ya kumfunga Mswisi.

Halafu ikaja ruzuku. Mwaka 1925 Serikali ya Uingereza ilitangaza sera ya elimu kwa makoloni yake ya Afrika, na misioni zikaahidiwa fedha kwa sharti kwamba shule zikaguliwe na walimu wawe na vyeti. Sera nzuri, na mimi kama mwalimu siipingi. Lakini ruzuku ilimlipa mwenye cheti, na Babu hakuwa nacho. Shule za vichakani zikabaki nje ya hesabu, zikihesabiwa kuwa madarasa ya dini, na mwalimu aliyeifungua shule kabla ya Mwingereza kufika akajikuta chini ya kijana aliyemfundisha yeye mwenyewe kushika kalamu. Babu alilisimulia hilo akicheka. Baba hakucheka.

Ada nayo ilitoka mbali. Songea chini ya Mwingereza ilikuwa ghala la vibarua. Vijana walikwenda manamba, kwenye mashamba ya mkonge ya Tanga, wengine wakitembea wiki nzima mpaka wapate gari. Walirudi na kodi ya baba, blanketi ya mama na ada ya mdogo wao. Baadaye tumbaku ya Namtumbo na kahawa ya Umatengo vikapunguza safari hizo. Lakini kizazi cha kwanza cha wasomi wa Ungoni kilisomeshwa na mkonge, na mkonge hauoti hapa.

Njia ya kupanda ilikuwa nyembamba. Mtihani wa darasa la nne uliwarudisha wengi shambani. Waliopita walikwenda shule ya kati, darasa la tano hadi la nane. Juu ya hapo nafasi zilikuwa za kuhesabika, na kwa mtoto Mkatoliki wa kusini mlango mmoja mkubwa ulikuwa seminari. Kigonsera ilikuwa na seminari, na vijana wengi waliingia humo wakiwa na wito, wengine wakiwa na njaa ya kitabu tu, na mapadre walijua. Benjamin Mkapa, aliyezaliwa Lupaso, Masasi, mwaka 1938, alisoma Ndanda, akapita Kigonsera, kisha akaenda Pugu na Makerere. Hakuwa padre. Alikuwa Rais kuanzia 1995 hadi 2005. Wazee wa Kigonsera humtaja kana kwamba alitoka kijijini kwao jana asubuhi.

Pugu ni ileile ambako Wabenediktini walivamiwa mwaka 1889. Miaka zaidi ya sitini baadaye palikuwa na Chuo cha Mtakatifu Fransisko, na mwalimu mmoja aliyetoka kusoma Edinburgh alifundisha hapo mwanzoni mwa miaka ya hamsini. Mwaka 1955 mwalimu huyo, Julius Nyerere, alilazimika kuchagua kati ya chaki na TANU, akaacha kazi. Nawakumbusha vijana kwamba mtu aliyekuja kuzichukua shule za misioni alilelewa na shule hizo, na alikula mshahara wao.

Maana alizichukua. Tulipopata uhuru mwaka 1961 nchi nzima ilikuwa na wanafunzi 11,832 wa sekondari, na kidato cha sita walikuwa 176 tu. Wengi wa hao walitoka shule za misioni, na misioni ilikuwa imeota zaidi mahali pengine kuliko pengine: Kilimanjaro, Bukoba, huku kwetu kidogo, na pwani ya Waislamu karibu hakuna. Nchi isingekaa kwa amani hivyo. Mwaka 1967 ikaja sera ya Elimu ya Kujitegemea, na Sheria ya Elimu ya 1969 ikazifanya shule za mashirika kuwa mali ya umma kuanzia 1970. Seminari ziliachiwa Kanisa. Ndiyo maana leo Likonde, huku kwetu, ni seminari, na Kigonsera ni shule ya Serikali ya wavulana yenye kidato cha tano na cha sita.

Nilikuwa kidato cha pili katika shule moja ya misioni mwaka huo wa 1970. Tulipangwa mstarini, tukaambiwa kwamba shule sasa ni yetu sote. Mwenzangu akaninong'oneza kuuliza kama jikoni nako kumetaifishwa. Kumbe ndilo lilikuwa swali la maana. Maziwa ya shamba la misioni hayakuonekana tena mezani, na fundi bruda aliyejua kila bomba la maji aliondoka na ujuzi wake. Lakini mwaka uliofuata waliingia vijana wa Kiislamu kutoka Tunduru, na mmoja wao ndiye aliyenifundisha hesabu za aljebra ambazo mwalimu alikuwa ameshakata tamaa kwangu. Kwa sababu yake, na kwa sababu nyingine, mimi naona hatua ile ilikuwa ya haki. Rafiki yangu wa seminari huiita wizi. Tunakunywa chai yetu.

Ukitaka kuipima vizuri, tazama tena kule tulikotoka. Afrika Kusini nayo serikali ilizichukua shule za misioni, kwa sheria ya elimu ya Wabantu ya mwaka 1953. Lovedale ile ya William Koyi ikang'olewa mikononi mwa waanzilishi wake, na Adams College ya Natal, ambako Albert Luthuli aliwahi kufundisha, nayo ikachukuliwa. Huko makaburu walikasirika kwamba shule hizo zilikuwa zikimpa mtoto mweusi elimu kubwa mno. Mandela mwenyewe alipita Healdtown, shule ya Wamethodisti. Huku kwetu malalamiko yalikuwa kwamba zinawapa watoto wachache mno. Serikali mbili zilifanya tendo moja kwa sababu zinazopingana, na anayesema kutaifisha ni kutaifisha hajaangalia nani aliingia darasani asubuhi iliyofuata.

Kuna mavuno mengine ya miaka hiyo ambayo hayahesabiwi kwenye matokeo ya mitihani. Mwaka 1968 Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam kiliwatuma wanafunzi vijijini kukusanya habari za Maji Maji kutoka kwa wazee waliokuwa bado hai. Mwaka 1969 kikachapishwa kitabu cha Mapunda na Mpangara juu ya vita hivyo katika Ungoni. Wakati Padre Elzear Ebner wa Peramiho anachapisha historia yake ya Wangoni mwaka 1987, vijana wa hapa walikuwa wameshaandika ya kwao. Ukivisoma vitabu hivyo viwili kwa pamoja utaona mahali vinapogombana, na mimi niliwasomesha wanafunzi pale hasa vinapogombana. Jambo hilo lingewezekana wapi kama si kwenye nchi iliyojaa watoto wa shule za vichakani?

Mwaka 1992 Serikali na makanisa waliwekeana saini makubaliano, na tangu hapo makanisa yamerudi kujenga sekondari kwa kasi. Ni nzuri, zina maabara, zina mabasi ya rangi moja. Ada zake ninazijua kwa sababu nimeulizia. Mjukuu wa katekista anapita nje ya geti lake akielekea shule ya kata.

Mapema mwaka jana nilimwomba paroko wa jirani aniruhusu niorodheshe makatekista walimu wa vigango vyake, kuanzia waliofundisha kabla ya 1945. Alikubali kwa furaha. Daftari za ubatizo zina majina yao kwenye safu ya wasimamizi, ukurasa baada ya ukurasa, kwa mwandiko wao wenyewe, kwa hiyo kazi si ngumu sana. Inataka miwani na subira. Nimeshavuka majina mia moja. Wengine naona ni babu za watu ninaosalimiana nao sokoni, nikiwaambia wanashangaa. Mmoja aliniuliza kama kuna pensheni ya nyuma.

Mwaka huu mjukuu wangu amechaguliwa kidato cha tano, shule ya Serikali iliyokuwa ya misioni. Fomu ya kujiunga imeorodhesha ndoo, godoro, rimu ya karatasi, na jembe lenye mpini. Amelalamika kwamba anakwenda kusoma fizikia. Nimemnunulia la kilo mbili.